Maiki Iko Wapi? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sauti ya Filamu

Barua kuhusu sauti ya filamu zimetuzidi mwezi huu. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na ndefu tumezikata.

Ndugu mhariri, natengeneza filamu fupi kwenye nyumba za watu. Picha inatoka safi, lakini waigizaji wanasikika kama wako bafuni. Rafiki zangu wanasema dawa ni kununua maiki ya bei kubwa. Ni kweli?
*Mtengeneza filamu, Tanga*

Zuia pesa yako kwanza. Kabla ya kuuliza maiki ni ya aina gani, uliza iko wapi. Kama imekaa juu ya kamera, na kamera iko mita 2 kutoka kwa mwigizaji, hata ya milioni mbili itakupa bafu lilelile.

Sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mwangwi unaorudi kutoka ukutani, sakafuni na darini haupungui hivyo. Unabaki karibu sawa popote utakaposimama chumbani. Kwa hiyo ukitoa maiki mita 2 na kuileta nusu mita, umemnyanyua mwigizaji desibeli 12 juu ya mwangwi bila kutoa hata shilingi.

Ifunge kwenye ufito. Mti wa kupakia rangi dari unatosha. Ishike juu ya kichwa cha anayesema, mbele kidogo, kichwa cha maiki kikielekea kifuani, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni. Namna ya kupata mahali pake: mpiga picha atazame kioo cha kamera, mshika ufito ashushe maiki taratibu mpaka ionekane kwenye picha, kisha aipandishe kiganja kimoja. Hapo ndipo pake. Wengi huogopa kuonekana wakaiacha juu mno, halafu wanailaumu maiki.

Jambo jingine linalowaponza watu ni ile maiki ndefu yenye matundu ubavuni. Matundu hayo yapo ili sauti za pembeni zifutane zenyewe, na nje inafanya kazi vizuri sana. Ndani ya chumba kidogo cha saruji, sauti ya mwigizaji inagonga kuta na kurudi kupitia matundu hayohayo, na unachopata ni sauti yenye shimo katikati. Ndani tumia maiki fupi yenye kusikia mbele.

Kisha shughulikia chumba. Kuta zilizopigwa plasta pamoja na sakafu ya vigae hurudisha karibu kila kitu. Pazia jepesi au kanga ukutani ni pambo tu. Kinachonyonya ni kitu kinene: godoro la sponji nyuma ya kamera likimtazama anayesema, au blanketi mbili nzito zilizotundikwa sentimita 10 mbele ya ukuta, si juu yake. Ile hewa iliyobaki nyuma ya blanketi inasaidia.

Zima feni, zima pampu ya maji, zima friji. Mafundi wengi huweka funguo za gari ndani ya friji waliyoizima, maana bila funguo hawataondoka, na wakizifuata watakumbuka kuiwasha. Nyama ya mwenye nyumba ikiharibika hutakaribishwa tena. Jenereta dogo la petroli linazunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme wa Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake unaanzia chini na kupanda: 50, 100, 150, 200. Kukata kila kilicho chini ya Hz 80 kunaondoa ngurumo ya chini tu. Iliyobaki imekaa palepale penye sauti ya mwanamume. Lipeleke mita 30 nyuma ya jengo na uvute waya. Na mvua ikianza kupiga bati, kunyweni chai, maana hiyo hakuna programu inayoitoa.

Kuhusu vipimo: nasa kwa kilohezi (kHz) 48 na biti 24. Zima kile kipengele cha kamera kinachojipandishia sauti chenyewe, kwa sababu mwigizaji akinyamaza kinaivuta kelele ya chumba juu, akisema kinaishusha, na filamu nzima inakuwa inahema. Maneno ya kawaida yacheze kati ya desibeli -20 na -12 kwenye kipimo cha sauti cha kamera au kinasa sauti, na kelele kubwa isivuke -6. Ikigusa 0 inapasuka, na iliyopasuka haishoneki.

Kabla hamjafungasha, kila mtu asimame kimya mahali pake kwa sekunde 30 hadi 60 huku mnanasa. Ukimya huo wa chumba ndio utakaoziba mapengo wakati wa kuhariri. Bila huo, kila penye mkato msikilizaji atasikia chumba kikizimika na kuwaka.

Video yangu ya mahojiano ikisikilizwa kwa hedifoni iko sawa. Ikichezwa kwa spika ya simu, muziki unasikika ila mtu haongei kabisa! Nimerudia kuhariri mara tatu.
*Kijana wa studio, Kahama*

Hili halitokani na uhariri. Limetokea siku ya kurekodi, kwenye waya.

Ulichomeka waya kutoka kwenye miksa au maiki ya kitaalamu kwenda kwenye tundu dogo la kamera, lile la milimita 3.5. Vifaa vya kitaalamu hupitisha sauti kwa nyaya mbili: mmoja unabeba wimbi lilivyo, wa pili unabeba wimbi hilohilo limepinduliwa, la kwanza likipanda la pili linashuka. Mwishoni chombo sahihi huligeuza la pili na kuyajumlisha, na kelele iliyoingia njiani inafutika. Lakini tundu la kamera yako halijui habari hiyo. Linachojua ni kushoto na kulia. Limechukua wimbi halisi likaliita kushoto, lililopinduliwa likaliita kulia.

Kwa hedifoni kila sikio linapata lake, kwa hiyo unasikia. Ukitega sikio vizuri utagundua sauti haitulii katikati, kama mtu anayesema nyuma ya kisogo chako. Simu nyingi za bei ya chini zina spika moja, nayo inajumlisha kushoto na kulia. Moja jumlisha kutoa moja ni sifuri, mtu kaondoka. Muziki umebaki kwa kuwa wenyewe haujapinduliwa.

Tiba: fungua klipu ya mahojiano, futa chaneli ya kulia, nakili ya kushoto uiweke pande zote mbili. Usishushe zote mbili kwanza na kuzichanganya, utapata sifuri ileile. Kuanzia leo tumia waya uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ambao kwenye ile plagi ya pini tatu ya vifaa vya kitaalamu (XLR), pini namba 2 inakwenda kushoto na kulia kwa pamoja, na namba 3 inaunganishwa ardhini na namba 1. Na kabla ya kukabidhi kazi yoyote kwa mteja, bonyeza kitufe cha mono (kinachochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja) kwenye programu yako usikilize dakika moja. Wateja wako wengi wataitazama kwa spika ya simu, hawana hedifoni.

Nafundisha mambo ya habari chuoni. Wanafunzi wanachanganya sauti ya ndani ya hadithi na ya nje. Naomba mifano wanayoweza kuifanya kwa vitendo.
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, kipimo kimoja kinatosha: je, mhusika angeweza kuisikia? Redio ya kinyozi, mwenzake akikohoa, pikipiki ikipita dirishani, hizo ni za ndani, hata kama chanzo hakionekani kwenye picha. Muziki wa huzuni unaoingia mama akisoma barua ni wa nje, mama hausikii. Msimulizi naye ni wa nje, ila akiwa ni mhusika anayekumbuka, yuko mlangoni, mguu mmoja ndani.

Lakini filamu nzuri hazikai upande mmoja. Wape zoezi hili. Wachukue wimbo mmoja na picha mbili: kijana ndani ya saluni ya kunyoa, kisha kijana yuleyule akitembea barabarani. Kwenye picha ya kwanza wimbo uwe unatoka redioni: wakate kila kilicho chini ya Hz 300 na juu ya Hz 4,000, waufanye mono, waongeze mwangwi kidogo wa chumba. Kijana anapovuka kizingiti, ndani ya sekunde mbili waondoe vizuizi vyote, wimbo ufunguke kushoto na kulia. Hakuna neno lililosemwa, na darasa zima litajua kwamba wimbo umetoka redioni ukaingia moyoni mwa kijana.

Mfano wa zamani wa kuwaonyesha ni filamu ya Kijerumani *M* ya Fritz Lang, ya mwaka 1931. Muuaji wa watoto ana mazoea ya kupiga mluzi wa wimbo uleule. Mtazamaji anausikia kabla ya kuiona sura ya muuaji, akaanza kuogopa. Na anayemtambua muuaji mwishowe ni mzee kipofu anayeuza maputo, kwa mluzi huohuo. Ukiitoa sauti, hadithi haina njia ya kusonga mbele.

Sauti ya nje ya picha ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa. Bahari kwa mbali, mashine ya kusaga, jogoo: sekunde nne zinatosha kumweka mtazamaji mahali na saa. Ila wanafunzi wawe na adabu ya kusikiliza wanachokiweka. Tumeona tamthilia ambamo jua linazama na adhana inayosikika ni ya alfajiri, ile yenye "Sala ni bora kuliko usingizi". Nusu ya watazamaji wa pwani walikuwa wameshacheka kabla mhusika hajafungua mdomo.

Kuna pia mkato ambao sauti inaitangulia picha. Tunamwona baba kitandani, tunasikia honi ya basi, nusu sekunde baadaye tuko stendi. Kati ya nusu sekunde na sekunde moja na nusu inatosha. Ukizidisha, mtazamaji anaanza kuitafuta honi chumbani.

Na ukimya usiwe sifuri. Wakizima sauti zote kabisa, mtazamaji ataangalia kama televisheni imeharibika. Waache ule mvumo wa chumba tuliouzungumzia juu, washushe vingine.

Zoezi la kumalizia kipindi: wafunike kioo kwa karatasi, wasikilize dakika mbili za tamthilia yoyote, waandike kwenye safu nne: maneno, muziki, vishindo, ukimya. Kisha wazime sauti, watazame dakika hizohizo na kuandika wanachokiona kwenye karatasi ya pili. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo somo lenyewe.

Kwenye tamthilia za Kituruki zilizoingizwa Kiswahili, mtu akianza kusema nyayo zake zinapotea, akinyamaza zinarudi. Nani anazifuta?
*Mama Salha wa mtaani kwetu ndiye aliyegundua, nami nauliza kwa niaba yake. Msomaji, Unguja*

Masikio ya Mama Salha yanastahili ajira. Mwenye tamthilia akiiuza nje hutakiwa kutoa mkondo wa pili wa sauti usio na maneno, wenye muziki na vishindo tu. Studio ya Kiswahili inaweka sauti mpya juu yake. Tatizo ni kwamba nyayo nyingi zilinaswa na maiki ileile iliyomnasa mwigizaji. Ukitoa maneno yake, nyayo zinaondoka nayo. Mwuzaji mwangalifu huzirekodi upya akaziba mapengo, asiye mwangalifu anauza na mashimo. Na pale ambapo mkondo huo wa pili haupo kabisa, studio hushusha sauti yote ya asili kila Mswahili anaposema. Ndiyo njia ya watafsiri wa vibanda umiza wenye maiki mkononi, ila wale wanaifanya papo kwa papo na watu wanawapenda kwa uchangamfu wao.

Sauti zenyewe nazo husikika kama zote zimesemwa kabatini, kwa kuwa kila mtu amerekodiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, hata kama kwenye picha anaita mtu ng'ambo ya mtaa. Kumrudisha mwigizaji hatua mbili nyuma na kumwambia apaze ni kazi ya dakika moja, lakini ratiba za vipindi vya kila siku hazina huruma.

Kuhusu midomo: herufi zinazomfichua mtu ni m, b na p, kwa sababu midomo hufunga. Mturuki anamaliza na *tamam*, mdomo umefungwa. Ukimwekea "sawa", mdomo wa Kiswahili unabaki wazi. Ukimwekea "vyema", ile m inaangukia karibu na midomo inapofunga, na jicho linasamehe. Mtafsiri mzuri wa picha za karibu huwinda maneno ya namna hiyo, hata akikosa tafsiri kamili.

Makofi na ngumi kwenye filamu zetu yote yana sauti moja. Nikitaka kutengeneza vishindo vyangu mwenyewe nianze na nini?
*Mhariri chipukizi, Mwanza*

Kwa sababu yote yametoka kwenye faili moja la bure lililozunguka nchi nzima. Kazi unayoiulizia duniani inaitwa kwa jina la Jack Foley, Mmarekani wa studio ya Universal aliyeanza kuifanya sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920: kusimama mbele ya picha na kutenda upya nyayo, nguo na vitu, ukifuata mwendo wa mwigizaji.

Anza na nyayo. Tafuta viatu vitatu (kandambili, soli ya ngozi, raba) na sakafu nne: kigae, ubao, mchanga ndani ya karai, changarawe. Maiki iwe kati ya nusu mita na mita moja. Usitembee, kanyaga palepale, kisigino kikitangulia, ukiangalia bega la mwigizaji na si mguu, kwa sababu mara nyingi mguu hauko kwenye picha.

Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi juu ya udongo mkavu, na hapa pwani hatuna kisingizio cha kuvikosa. Theluji ni wanga wa mahindi uliofungwa kwenye mfuko wa ngozi na kubonyezwa. Moto ni karatasi ya biskuti inayofinywa polepole. Tope ni magazeti yaliyolowana ndani ya beseni. Mfupa ni karoti inayovunjwa ndani ya taulo lenye maji.

Kofi la kweli ni jembamba, halishangazi. Lijenge kwa tabaka tatu: mkanda wa ngozi uliokunjwa na kugonganishwa kwa ule mlio wa juu, kiganja juu ya kipande cha nyama kwa mwili, na mto uliopigwa ngumi kwa uzito wa chini. Ziweke kwenye fremu (picha moja kati ya zile 25 au hivi za kila sekunde) ambayo mkono unagusa shavu, au fremu moja baadaye, isiwe kabla. Kisha badilisha kiasi cha kila tabaka kwa kila kofi. Bibi anayemzaba mjukuu na bondia hawawezi kulingana.

Nanasa hotuba za harusi kwa simu mfukoni mwa bwana harusi. Mwanzoni midomo na maneno yanaoana, baada ya saa moja yameachana.
*Mpiga video, Nakuru*

Kila chombo kina saa yake ndani, na hazilingani. Zikitofautiana sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja utakuwa umekosa sekunde 0.18, yaani fremu nne na nusu kwa mwendo wa fremu 25. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Oanisha la kwanza, pima pengo la mwisho, kisha nyoosha au bana mkondo wa sauti mpaka la mwisho likae.

Kama pengo ni la dakika, hapo si saa. Sauti ya kilohezi 44.1 imesomwa kama 48, na saa yako nzima imekuwa dakika 55 na sekunde kama 8, bwana harusi akiwa na sauti ya kitoto. Ieleze programu kipimo sahihi. Na kama picha ndiyo ilipigwa kwa simu, igeuze kwanza iwe fremu 25 zisizobadilika, maana simu hupunguza fremu gizani bila kukuuliza.

Ukibaki na kosa dogo usiloweza kulitoa, acha sauti ichelewe, isiwahi. Tumezoea kuchelewa: mtu anayekata kuni ng'ambo ya bonde tunaona shoka kabla ya kusikia. Sauti inakwenda kama mita 14 kwa fremu moja. Ikiwahi hata fremu mbili, wengi wanagundua.

Nikiangalia filamu za Marekani nyumbani, maneno siyasikii. Nikiongeza sauti, bomu linapasuka na wajukuu wanaamka. Masikio yangu ni mabovu?
*Mzee, Lindi*

Shikamoo mzee. Huenda masikio hayana kosa. Filamu hizo zilichanganywa kwa ukumbi mkubwa wenye njia sita za sauti au zaidi, na maneno karibu yote yamewekwa kwenye spika moja ya katikati, nyuma ya pazia la picha. Televisheni yako ina spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani, haina hiyo ya katikati. Mwombe mjukuu mmoja aingie kwenye mipangilio ya sauti, ya televisheni na ya kisimbuzi pia, achague stirio, yaani njia mbili, badala ya 5.1, yaani zile njia sita. Kisha awashe kipengele cha usiku au cha kukuza maneno kama kipo. Kazi yake ni kushusha bomu na kupandisha mnong'ono. Isogeze televisheni itoke kwenye kona, na chini yake pasiwe na kitambaa kinene. Besi ipunguzwe.

Nikipakia YouTube niache sauti kwenye kiasi gani? Na nikipeleka kituo cha televisheni?
*Wasomaji wanne*

YouTube wanashusha kilichozidi takribani -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa wastani wa sauti inavyosikika), na kilicho chini hawakipandishi. Fikia hapo, kilele kisizidi -1. Vituo vinavyofuata kanuni ya Ulaya vinataka -23. Waulize kabla ya kutuma, kwa sababu kazi iliyorudishwa hurudi siku mbili kabla ya kurushwa.